Kijiti cha bibi ufukweni

Sisi wa Nkololo tunaoishi Dar es Salaam, nyumbani wanatuita "watu wa Pwani". Hatujavuka mpaka wa nchi, lakini kutoka Bariadi hadi huku ni zaidi ya kilomita 1,000, na ukishakaa miaka kumi na miwili kama sisi, watoto wako wanasalimiwa "mwangaluka" na wao wanajibu "poa".

Watoto wetu watatu wamezaliwa hapa. Mkubwa ana miaka kumi na mmoja, wa mwisho mitano. Kwa miaka mingi bahari waliiona kupitia dirisha la daladala tu, kwa sababu sisi wazazi tulikuwa tunaiogopa.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Nkololo tumekulia kwenye mito ya mchanga. Kiangazi unachimba mchanga ndipo upate ndoo moja ya maji. Wakati wa mvua, mto huohuo unakuja kwa ghafla, kwa sababu ya mvua iliyonyesha mbali ambayo hata hukuisikia. Yapo na malambo ya kunyweshea ng'ombe, ambayo mtoto alikatazwa kuyasogelea peke yake. Hakuna aliyetufundisha kuogelea. Tulifundishwa kukaa mbali na maji, basi.

Tena mtu wa Kanda ya Ziwa hasahau MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996, wala MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu 228. Ukitaja kivuko mbele ya mama yangu, anauliza kwanza kitabeba watu wangapi.

Mama alikuja kututembelea mwezi wa saba, pamba ikiwa imeshauzwa. Siku ya Saba Saba tulidhani watoto wataomba kwenda kwenye maonyesho. Wakasema wote kwa pamoja: "Tunataka kuogelea baharini, na bibi aje."

Tukaondoka asubuhi. Daladala hadi Feri, kisha panton ya kwenda Kigamboni, shilingi 200 kwa mtu mzima. Lipo Daraja la Kigamboni tangu mwaka 2016, lakini watoto walitaka maji. Mama alisimama katikati ya panton, akatafuta kwa macho maboya yalipo, akamshika mjukuu wa mwisho mkono mpaka ng'ambo. Hakusema neno. Ng'ambo tukachukua bajaji mbili hadi ufukwe wa Mjimwema.

Tulifika saa nne. Mwezi ulikuwa mpevu usiku uliopita, na bahari ilikuwa imekwenda mbali. Palibaki uwanja mpana wa mchanga, na vidimbwi huku na huku. Mama akacheka. "Kumbe na huku mto unakauka?"

Kabla mtoto yeyote hajalowa, tulipanga zamu za kuangalia, nusu saa kwa kila mtu mzima. Mwenye zamu haogelei, hali chakula, hapigi soga wala hashiki simu. Kazi yake ni kutazama vichwa vitatu na kuvihesabu. Nilisisitiza suala la simu kwa sababu mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala kupunga mikono kama kwenye filamu. Anapotea kimyakimya, mzazi akiwa hatua chache tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021 duniani kote, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Mume wangu alikuwa na mtihani wake. Kwetu mkwe havui shati mbele ya mama mkwe. Akaingia majini na suruali ndefu na shati la mikono mirefu, watoto wakimcheka. Mimi nilifunga khanga juu ya gauni. Mama alikaa kwenye kivuli cha mvinje, pembeni yake kuna mfuko wa michembe aliokuja nao kutoka nyumbani, na sahani ya mihogo ya kukaanga tuliyonunua palepale.

Zamu yake ilipofika, hakukaa. Alivunja kijiti cha mvinje, akatembea hadi maji yalipoishia, akakichomeka mchangani. Nikamuuliza cha nini. Akaniambia baba yake, kabla ya kuvusha ng'ombe, alikuwa akichomeka kijiti ukingoni mwa mto na kukitazama kwanza. Maji yakikipita kijiti, mto unapanda, na hakuna ng'ombe atakayevuka siku hiyo.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa karibu, anashona nyavu. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, kisha akamwambia mama, "Bi mkubwa umefanya la maana. Leo ni bamvua. Maji yanakupwa sana na yanajaa sana."

Alitueleza kwa kifupi, nami namshukuru mpaka leo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa huwa kubwa kuliko siku nyingine. Hilo ndilo bamvua. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, kuna maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji juu sana. Kutoka maji kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Baadaye nilisoma kwamba pwani hii, siku za bamvua, maji hupanda zaidi ya mita tatu.

Wakati huo watoto walikuwa mbali kidogo na baba yao, wanaokota makombe juu ya fungu la mchanga. Nyuso zao zilielekea baharini. Kati yao na sisi kulikuwa na kijibonde ambacho walikivuka kikiwa kikavu.

Mama alitazama kijiti. Kilikuwa tayari kimezungukwa na maji. Akatazama kijibonde, nacho kilikuwa kinajaa kutoka pembeni, nyuma ya migongo yao. Akaita mara moja, kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe jioni: "Rudini!" Mume wangu aligeuka, akaona, akambeba mdogo mgongoni na wakubwa wakashikana mikono. Walipovuka, maji yalimfika yeye magotini. Saa moja na kitu baadaye, kijana mrefu alipita palepale na maji yalimfika kifuani.

Hakuna aliyelia wala kukimbia. Watoto waliketi wakala michembe. Lakini mimi na mume wangu tulitazamana, kila mmoja akijua mwenzake anawaza nini.

Mzazi mwenzangu, hasa wewe uliyetoka bara kama mimi, naomba usiwafungie watoto bahari. Wakubwa wao watakwenda wenyewe siku moja na wenzao, wakati wa Idi au Krismasi, na huko hakutakuwa na bibi. Wapeleke wewe. Kabla ya kwenda, tazama mwezi. Ukifika, muulize mvuvi maji yanakwenda au yanakuja, na mtoto akanyage wapi. Pangeni zamu, na simu ya mwenye zamu ibaki kwenye mkoba. Na usidhani mzazi wako wa kijijini amekuja kukaa kivulini tu. Anayejua kuchunga ng'ombe arobaini anajua kuchunga watoto watatu.

Mkubwa wetu sasa anajifunza kuogelea kila Jumamosi. Ada yake tumeipata kwa kupunguza chakula cha kununua mjini. Wiki ya tatu ameweza kuelea chali bila kushikwa. Nilimpigia mama kumweleza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mwalimu huyo anaweza kumfundisha na yule wa miaka mitano.