Kisichosomeka Si Kitupu

Wapenzi wa lugha, leo siandiki juu ya vina na mizani. Naandika juu ya waya, kadi na kosa ambalo nusura linipotezee mashairi ya marehemu kaka yangu.

Kaka alikuwa mkulima wa mpunga hapa Mwamkulu, Mpanda. Aliacha daftari moja la mashairi, kurasa 46, yote kwa kalamu ya wino. Nililipiga picha ukurasa kwa ukurasa kwa kamera niliyozawadiwa na wanangu nilipostaafu. Februari iliyofuata paa lilivuja, daftari likalowa, wino ukayeyuka. Tangu siku hiyo mashairi yale yakawa yamebaki ndani ya kamera tu.

Nilipotaka kuyaweka kwenye kompyuta, nilichomeka waya. Taa ya kuchaji ikawaka, lakini kompyuta haikuonyesha kitu. Nikabadili tundu, nikazima, nikawasha; wapi! Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba waya wa kawaida wa USB huwa na nyuzi nne: mbili za umeme na mbili za kupitishia data. Wangu ulikuwa wa kuchajia tu; zile mbili za data hazikuwamo.

Nikaitoa kadi kwenye kamera, nikaitia katika kisoma kadi. Sasa kompyuta ikanena: diski hii haijafomatiwa, je, wataka kuifomati? Masikioni mwangu neno lile lilikuwa na maana ya kupanga vizuri, na mwalimu gani asiyependa mpango? Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, kijana wa jirani aliyekuja kunisaidia akanishika mkono.

"Samahani, Mwalimu, usibonyeze! Hapo unafuta."

Akanieleza taratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu. Kadi ile ya GB 64 imepangwa kwa mfumo uitwao exFAT. Kompyuta yangu kuukuu inatumia Windows XP ya mwaka 2001, ambayo haiujui mfumo huo mpaka iongezewe sasisho. Iliposhindwa kuisoma kadi, ikaihesabu kuwa tupu. Tukaipeleka kwenye kompyuta yake, iliyo mpya zaidi, tukafungua folda ya DCIM. Kurasa zote 46 zilikuwamo, na mwandiko wa kaka umelala upande wa kulia kama alivyouzoea. Nilinyamaza kwa muda.

Usiku ule niliwakumbuka wale waliodhani kwamba Waswahili hawakuwa na maandishi kabla ya kuja herufi za Kilatini, ilhali Utendi wa Tambuka uliandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu mwaka 1728. Maandishi yalikuwapo, aliyekosekana ni msomaji.

Nawaachia, basi, niliyojifunza. Picha zisipoonekana, jaribu kwanza waya mwingine, kisha kisoma kadi, kisha kompyuta nyingine. Ukiulizwa kama wataka kufomati, kataa. Na unapochukua picha, nakili, usihamishe. Fungua nakala moja moja uhakikishe zimefika salama, kisha uziweke mahali pawili.

Mimi nimeanza kuyachapa mashairi yale. La kwanza ni la kuwafukuza ndege shambani mpunga unapokomaa. Kadi nimeifungia kabatini. Sijaifuta, wala sina haraka ya kuifuta.