Mtoto waliyemwita Mayi

Wamama wenzetu, juma hili zamu ya kuandika imetufikia sisi walimu, na tumechagua habari inayotutia haya kidogo. Tuliificha miaka mitatu. Mama wa mtoto ametupa ruhusa kuieleza, ila tusitaje jina.

Mwaka ule tulikuwa na darasa la tatu la msingi, watoto zaidi ya hamsini katika chumba kimoja. Kulikuwa na kijana wa miaka 8, mwepesi wa hesabu, aliyekaa karibu na dirisha. Mvua zilipoanza, naye akaanza kuomba kutoka. “Mwalimu, nataka kwenda inje.” Mara moja, mara mbili, mara nne kabla ya mapumziko. Akirudi alipita kwenye ndoo ya maji, akanywa vikombe viwili, vitatu, kama mtu aliyetoka kulima. Wenzake wakampa jina: Mayi. Sisi tulicheka pamoja nao. Baadaye tukachoka, tukaona ni utundu, tukampigisha magoti mbele ya ubao. Siku moja, akiwa kwenye magoti vile, alijikojolea. Darasa zima likacheka. Sisi hatukucheka siku ile, lakini hatukuuliza pia.

Nyumbani mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani tangu miaka 4 alianza tena, na asubuhi alipata fimbo. Alikula bukari kushinda baba yake, lakini shati likazidi kumlegea. Mama yake aliona sisimizi wamejaa pale alipokojoa nyuma ya nyumba, akashangaa, akafagia, akaendelea na kazi. Bibi yake alisema wazi mbele ya jirani: “Huyu mutoto banamuloga.” Tunaandika hili bila kumcheka bibi. Mtoto anayekula sana na kukonda, bila jeraha wala kikohozi, ni fumbo kwa mtu yeyote, na bibi alitoa jibu alilokuwa nalo.

Halafu akaanza kutapika na kulala mchana. Walimpeleka mahali pa matibabu, wakamtibu malaria, wakamtundikia serumu ya sukari. Hatutaji mahali. Homa ya mbu ndiyo inayoua watoto wengi kwetu, na mganga anayeona mtoto mlegevu katika mvua anafikiri hiyo kwanza. Siku ya pili mtoto alikuwa anapumua haraka na kwa nguvu, kama aliyekimbia kutoka ziwani, na mdomo wake ulinuka kama tunda lililoiva kupita. Baba yake aliazima pikipiki, wakamfunga mtoto kwa kitenge mgongoni mwa mama, wakaenda Likasi katika njia ile mnayoijua wakati wa mvua.

Kule Likasi daktari kijana alimnusa mdomo, akauliza swali moja tu: “Mama, anakunywa mayi mingi?” Akamchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine ndogo. Mashine haikuandika namba. Iliandika kwamba sukari imepita kipimo chake. Daktari akapiga simu kwa mkubwa wake wa Lubumbashi, akawa anaandika huku simu iko sikioni: maji kiasi gani, insulini kiasi gani, kwa saa ngapi. Mambo haya hayafanywi kwa kukisia, maana maji mengi ya haraka yanaweza kumvimbisha mtoto ubongo. Siku ya tatu kijana aliomba samaki.

Tulipokwenda kumwona, tulimuuliza daktari yule amejuaje kwa kunusa. Alijibu kwamba hakuwa bingwa wa ugonjwa huo. Aliwahi kuhudhuria mafunzo ya siku chache, na aliyefundisha alikuwa amefundishwa na mwingine. Tangu siku hiyo tulianza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mwilini mna tezi, viungo vidogo vinavyotuma ujumbe kwa njia ya damu. Ujumbe huo ndio homoni. Insulini ni mmoja wao, unatoka kwenye kongosho, nyuma ya tumbo. Ukikosekana, sukari inabaki katika damu na mwili unakufa njaa katikati ya chakula. Ndiyo maana kijana alikula na kukonda, na sukari iliyomwagika katika mkojo ndiyo iliyowaita sisimizi. Zamani ugonjwa huu wa watoto ulikuwa hukumu ya kifo kila mahali, Ulaya nako. Mnamo Januari 1922, huko Toronto, kijana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Miaka mia na zaidi imepita, na bado mtoto anaweza kufa kwa ugonjwa huu bila mtu kumchoma kidole.

Madaktari wanaoshughulikia homoni za watoto ni wachache duniani, na kwetu ni wachache zaidi. Wale wa Ulaya walianzisha chama chao mwaka 1962, huko Zürich. Kwa muda mrefu daktari wa Kenya, Tanzania au Uganda aliyetaka elimu hiyo ilimbidi kuvuka bahari au kwenda Afrika Kusini, na wapo waliokwenda wasirudi. Mwaka 2008 chama hicho cha Ulaya, pamoja na chama cha kimataifa cha kisukari cha watoto na vijana, wakafungua shule huko Nairobi, katika hospitali za mji ule. Masomo yalichukua miezi 18. Daktari alikaa Nairobi miezi 6, alirudi kwao miezi 9 kufanya kazi na uchunguzi kati ya wagonjwa wake mwenyewe, kisha alirudi Nairobi miezi 3 kumaliza na kufanya mtihani. Mwanzoni walimu wengi walikuja kutoka nje, kwa kujitolea. Mwaka 2012 shule ya pili ikafunguliwa Lagos kwa ajili ya Afrika Magharibi. Leo madaktari wa Afrika wana chama chao wenyewe cha homoni za watoto na vijana, wanakutana, wanaulizana, na waliosoma Nairobi wanafundisha wengine.

Tulipoyasoma hayo tulisema: hii ni likelemba. Sisi tunaweka franga na kila mwezi mmoja wetu anapokea. Wao wanaweka elimu. Mmoja anatoka, anapokea, anarudi kuwapa wengine, na ile miezi 9 ya kurudi kwao iliwekwa ili asisahau ni wagonjwa gani waliomtuma. Ila tuna lalamiko moja. Shule ya Nairobi inafundisha kwa Kiingereza, na daktari wetu wa Kongo amesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi. Nchi kubwa kama yetu haipaswi kungoja makombo ya likelemba ya jirani. Walimu tunajua lugha inavyoweza kumfungia mlango mtu mwenye akili.

Tusifikiri kwamba homoni ni sukari tu. Wamama wakubwa wanakumbuka uvimbe wa shingo. Huo ni tezi ya shingo inayokosa iyodi. Miaka ya 1960 daktari wa watoto kutoka Ubelgiji, François Delange, na wenzake walichunguza kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu, ambako upande wa kaskazini uvimbe huo ulikuwa mwingi sana, na watoto wengine walizaliwa na akili na mwili visivyokua. Baadaye wao na wenzao walionyesha kwamba muhogo usiotengenezwa vizuri unazidisha shida pale ambapo iyodi ni chache. Kwa hiyo bibi anayekuambia uloweke mihogo siku zote zinazotakiwa, usiibe hata siku moja kwa haraka ya soko, ana haki kuliko anavyojua. Na chumvi nunua ile yenye iyodi, uifunike, usiiache juani wala kwenye unyevu.

Kuna pia mtoto anayezaliwa na mkunga akashindwa kusema ni wa kike au wa kiume. Tunajua namna habari hiyo inavyofichwa, hata mtoto anafungiwa ndani. Wengine wao wana tezi za juu ya figo zisizofanya kazi sawasawa. Katika majuma ya kwanza mtoto wa namna hiyo anaweza kutapika, kupoteza chumvi na kufa, na majirani wakasema heri. Dawa yake ipo, ni vidonge vya kila siku. Mama asikubali kumficha. Ampeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Turudi kwa kijana wetu. Daktari alimwambia mama yake: “Mama, bugonjwa hii haiishake, lakini mutoto atakomea.” Mama alisikia neno la kwanza tu, akalia. Sindano kila siku, maisha yote, na dawa inayotaka baridi! Hapa kwetu bwawa linatoa umeme tangu 1930, nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda kwenye migodi, na nyumba ngapi zina frigo? Lakini tulifundishwa kwamba chupa iliyofunguliwa inaweza kukaa mahali pa baridi ya kawaida. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa uchunguzi uliotumia joto la kambi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya: insulini ilivumilia majuma manne katika joto la kati ya 25 na 37. Mama anaitia chupa katika chungu cha udongo ndani ya chungu kingine chenye mchanga uliolowa, pembeni ambapo jua halifiki. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinakaa kwa jirani mwenye frigo, na jirani huyo tunamshukuru hapa bila kumtaja.

Insulini ya watoto inafika Kongo kwa misaada, kama ile ya shirika la Life for a Child la Australia. Lakini kutoka mjini mpaka kwetu hakuna anayeileta. Mwaka jana mvua ilikata njia na chupa ikabaki na dawa ya siku nne. Mnakumbuka mkutano ule. Aliyekuwa na zamu ya likelemba alisema, chukueni, mimi nitangoja mwezi mwingine. Pikipiki iliondoka alfajiri, ikarudi kesho yake usiku.

Darasani tumeweka kopo la sukari mezani, na watoto wote wanajua ni la nini. Akitetemeka, akitoa jasho, akijibu maneno yasiyoeleweka, maana yake sukari imeshuka, anapewa maji ya sukari kwanza, maswali baadaye. Imetokea mara mbili. Mara ya pili aliyekimbilia kopo alikuwa yule mtoto aliyembuni jina la Mayi. Na mtoto yeyote akiomba kutoka mara nyingi, siku hizi tunampa ruhusa, kisha jioni tunapita kwa mama yake kuuliza anakunywa maji kiasi gani.

Tulimwomba kijana msamaha mbele ya darasa. Alitazama chini, akasema hakuna neno, akauliza kama hesabu za siku ile zitasahihishwa.

Sasa yuko darasa la sita, anajiandaa kwa mtihani wa taifa. Tumeshamwambia msimamizi kwamba ataingia na kopo lake na kwamba anaweza kuomba kutoka. Mama yake anakwenda Likasi siku ya nne ijayo kuchukua dawa ya miezi miwili. Anatafuta termosi yenye mdomo mpana ya kuazima. Mwenye nayo ailete shuleni kabla ya siku ya tatu jioni.