Siku Zinazotangulia Hedhi: Kabla Hujasema Binti Yako ni Mkorofi



AlhamduliLlaah, sifa zote njema ni za Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) na Swahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wazazi, na nyinyi vijana wetu mnaosoma, leo tunazungumza jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaona halimfai mwalimu wa kiume. Sisi tunasomesha fiqhi katika madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura, na mlango wa twahara hausomeshwi kwa kuiruka hedhi. Mama wa Waumini 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa) aliwasifu wanawake wa Ki-Answaari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Basi na sisi tuzungumze.

Tunachokusudia si hedhi yenyewe. Tunakusudia zile siku zinazoitangulia, ambazo kwa herufi za Kiingereza huitwa PMS, na waliosoma Kifaransa hapa kwetu husema SPM. Majumbani mwetu hazina jina. Kwa kuwa hazina jina, hupewa majina mengine: ukorofi, uvivu, kiburi, jini.

Mwaka juzi mama mmoja alitujia baada ya swalah ya Alasiri akitaka kumtoa binti yake darasani. Binti alikuwa na miaka 17 na ameshahifadhi juzuu nne. Mama akasema mtoto ana vituko. Wiki mbili tatu ni mtu mzuri, kisha ghafla analia kwa neno dogo, anamfokea mdogo wake, matiti yanamuuma, tumbo limejaa, usiku halali, na msahafu haufungui. Shangazi mtu alishakata shauri kuwa ni jini, na pesa za kumpeleka kwa mganga zilikuwa zimeshachangwa. Tukamuuliza, vituko hivyo huja lini? Akajibu, "Kila mara, Ustadh." Kila mara ni lini? Hakujua, na wala hatumlaumu, kwani nani katika sisi huandika siku ambazo mtoto wake alinuna?

Tukaomba apewe miezi mitatu. Mama watoto wetu, ambaye ndiye anayesomesha darasa la mabinti, akampa yule binti daftari. Kila jioni aandike tarehe na maneno mawili matatu: nimelala, sikulala, nimelia, kichwa, niko salama. Na siku ya damu aweke alama. Ilipokwisha miezi mitatu, karibu kila kituko kilikuwa kimeangukia katika siku sita au saba kabla ya damu, na kufikia siku ya pili ya hedhi hakuna tena. Sisi tunaamini kuwa majini wapo, hilo ni katika imani yetu. Lakini ni jini gani huyo anayefika kwa tarehe na kuondoka damu ikionekana? Pesa za mganga zilinunua viatu vya shule.

Madaktari nao hutambua hali hii kwa njia hiyo hiyo ya tarehe. Dalili ziwepo katika siku tano za mwisho kabla ya hedhi, zirudi hivyo miezi mitatu mfululizo, na ziishe ndani ya siku nne tangu damu ianze. Jambo lenyewe si geni kwao. Mwaka 1931 daktari Robert Frank wa New York aliliandikia, na mwaka 1953 Waingereza wawili, Raymond Greene na Katharina Dalton, wakalipa jina linalotumika hadi leo. Baada ya yai kutoka, homoni mbili za mwanamke hupanda kisha huporomoka siku chache kabla ya damu, na mporomoko huo hugusa ubongo, mahali panapohusika na furaha, usingizi na hasira. Wazazi hutuuliza, mbona dada yake hana haya? Waliochunguza hawakukuta kwamba anayeumia ana homoni nyingi au chache kuliko mwenzake. Kinachotofautiana ni jinsi ubongo wa kila mmoja unavyozipokea. Kwa hiyo kumwambia binti "mbona fulani anavumilia" hakumsaidii kitu.

Na daftari hili si jambo la kigeni lililoletwa na wazungu. Fiqhi yetu inamtaka mwanamke aijue ada yake, yaani idadi ya siku zake na wakati wake. Faatimah bint Abi Hubaysh alipomlalamikia Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) kuhusu damu isiyokatika, alielekezwa arejee kwenye siku alizozizoea. Atazirejea vipi asiyezijua? Mabinti wengi wanaotuuliza masuala ya kulipa Ramadhwaan hawakumbuki walikula siku ngapi. Sisi tunachoongeza ni kidogo tu: mwenye kuandika siku ya damu, aandike pia wiki iliyotangulia.

Tuje kwenye chakula na mwenendo, maana hapa ndipo nyumba inapoweza kufanya kitu. Mwaka 1998 ilichapishwa huko Marekani tafiti ya wanawake 466 wenye dalili hizi. Waliopewa miligramu 1200 za kalsiamu kila siku, ilipofika hedhi ya tatu dalili zao zilikuwa zimepungua kwa asilimia 48, na waliopewa vidonge vitupu zilipungua kwa asilimia 30. Sisi hatusemi mkimbilie vidonge. Ziwa Tanganyika limetupa ndagala, samaki anayeliwa mzima na miiba yake, na kwenye miiba ndiko iliko kalsiamu. Ajabu ni kwamba siku hizi vijana wanamwona ndagala kuwa chakula cha shida, wanataka chipsi na soda! Ndagala, maziwa anayeweza kuyapata, maharage na lenga-lenga, hicho ni chakula cha kutosha. Chumvi ipunguzwe wiki ile, kwani huzuia maji mwilini na tumbo likazidi kujaa. Asikae na njaa kutwa nzima kisha akashiba maandazi na chai ya sukari usiku.

Kutembea kwa haraka nusu saa kwa siku nako hushauriwa sana. Kufua na kuosha vyombo kutwa hakuhesabiki hapa, huko ni kuchoka tu. Na usingizi, ndugu zetu! Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) hakupenda mazungumzo baada ya 'Ishaa, na binti zetu wako na simu mpaka saa saba za usiku. Aliyelala saa nne hupambana na siku hizi tofauti na aliyekesha.

Darasani tumebadilisha jambo moja. Katika siku zile binti hapewi sura mpya ya kuhifadhi, anafanya muraja'a ya alizonazo. Mama watoto ndiye anayejua ni nani na lini, sisi hatuulizi.

Kuna hukumu ambayo lazima tuiseme wazi, kwa sababu inakosewa sana. Maumivu bila damu si hedhi. Binti anayesikia mgongo na tumbo akaacha kuswali siku tatu kabla, akisema "zinakaribia", swalah hizo ni deni juu yake. Akishindwa kusimama ataswali amekaa. Na katika Ramadhwaan, wiki hiyo anafunga, isipokuwa akiumwa kiasi cha kuhesabiwa mgonjwa, basi anakula na kulipa kama mgonjwa mwingine. Damu ikionekana ndipo swalah na swaumu zinapomwondokea. Swaumu atalipa, swalah hatalipa. Na asilie kwa hilo kana kwamba amefukuzwa. 'Aaishah alilia ilipomjia hedhi njiani kwenda Hijja, na Mtume akamtuliza kuwa hilo Allaah amewaandikia mabinti wa Aadam, akamwacha afanye yote wanayofanya mahujaji isipokuwa kutufu.

Vijana waliooa karibuni, nanyi zijueni tarehe za wake zenu. Ugomvi mwingi tunaoletewa kusuluhisha ungekwisha wenyewe siku tatu baadaye.

Wako wachache ambao kwao jambo hili si kununa wala kulia kidogo. Giza linawaingia kila mwezi, hawawezi shule wala kazi, na wengine hufikia kutamani kufa. Shirika la Afya Duniani limeiweka hali hiyo katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, na ina dawa zinazotolewa na daktari. Huyo asiambiwe asubiri miezi mitatu, wala asisomewe tu akaachwa. Asomewe Qur-aan na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, afuatane na mama yake au dada yake. Vivyo hivyo ambaye daftari lake linaonyesha huzuni mwezi mzima, kabla na baada ya damu. Huyo ana ugonjwa mwingine, na daftari alichukue aende nalo.

Wa biLlaahi at-Tawfiyq.