XML, ritifaa na malipo ya maziwa

Nimenyamaza kwa wiki kadhaa, mniwie radhi, kazi zilikuwa nyingi. Leo sitaandika kuhusu simu mpya wala programu za kupakua. Nataka kuwasimulia kuhusu somo nililolidharau nikiwa chuoni, na jinsi lilivyonirudia baadaye likaniaibisha mbele ya watu wazima.

Somo lenyewe lilikuwa utangulizi wa XML na teknolojia za wavuti. Ilikuwa mwaka 2017, nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya sayansi ya kompyuta. Kipindi kilikuwa Jumanne saa nane mchana, na mnajua githeri ya kantini inavyomfanya mtu saa hizo! Kompyuta za maabara zilikuwa chache, tukikaa wawiliwawili. Siku ya kwanza mwalimu wetu, mama mpole asiyecheka ovyo, alituambia tuzizime zote, tutoe kalamu na karatasi. Eti tuandike XML kwa kalamu!

Kwa wale ambao hawajaijua, XML ni namna ya kuandika data ili mtu aweze kuisoma na mashine iweze kuisoma. Unaizungushia kila habari tagi inayosema ni habari ya nini. Hivi:

<mkulima namba="114">
  <jina>Wanjiku</jina>
  <lita>12</lita>
</mkulima>

Sheria zake ni chache. Kila tagi inayofunguliwa lazima ifungwe. Iliyofunguliwa mwisho hufungwa kwanza, kama sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja. Atributi, kama hiyo namba hapo juu, lazima thamani yake iwe ndani ya alama za kunukuu, moja au mbili, mradi uliyoanza nayo ndiyo umalize nayo.

Mwalimu alitueleza kwamba W3C waliipitisha XML 1.0 mwezi Februari 1998, na kwamba mama yake ni SGML, kiwango cha ISO cha mwaka 1986. Halafu akatupa jambo alilolirudia muhula mzima: HTML husamehe, XML haisamehe. Ukisahau kufunga tagi kwenye HTML, kivinjari hubahatisha ulichokusudia na kuonyesha ukurasa. Lakini kwa XML, kanuni zenyewe zinakataza kubahatisha. Programu inayosoma ikikuta kosa la muundo, inatakiwa isimame na kutoa ripoti. Faili nzima inakataliwa, hata kama kosa ni moja na mistari iliyo sawa ni elfu kumi.

Sisi tuliona huo ni ukali wa bure. Kisha zikaja DTD, Schema ya mwaka 2001, XPath, na XSLT ya mwaka 1999, ambayo ilinigeuza akili juu chini kwa sababu ukishaipa kigeu thamani huwezi kuibadilisha. Nje ya darasa kila mtu alikuwa anazungumza JSON. Mwaka huohuo Safaricom walitoa Daraja, njia ya kuunganisha programu na M-Pesa, na ilitumia JSON. Tukaambiana nyuma ya darasa kwamba tunafundishwa historia. Nilipata C, na wala sikujali.

Sasa ruka hadi mwaka 2021. Nimeajiriwa na kampuni ndogo Nairobi, na kazi yangu ya kwanza ya maana ni mfumo wa ushirika mmoja wa maziwa. Maziwa yanapimwa kila asubuhi, mwisho wa mwezi mfumo unapiga hesabu, na faili ya malipo inapelekwa benki. Faili yenyewe? XML! Nilicheka.

Nikaiandika kwa njia ya mkato. Sikutumia maktaba yoyote ya XML. Nilichukua vipande vya maandishi nikaviunganisha tu: tagi, jina, tagi. Na kwa kuwa msimbo wangu ulikuwa ndani ya alama mbili za kunukuu, atributi nilizipa alama moja, jina='Wanjiku', ili nisisumbuke. Nikaijaribu kwa majina niliyoyabuni: Wanjiku, Otieno, Kamau, Chebet. Ikafanya kazi vizuri kabisa.

Ijumaa ya malipo, faili ya wakulima zaidi ya 600 ilirudi. Ujumbe ulikuwa mfupi: faili si sahihi. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na watu walikuwa wanangoja pesa hiyo kwa karo. Saa tatu nzima nilikagua hesabu za lita na shilingi. Zilikuwa sawa. Simu za ushirika zikawa hazinyamazi, mpaka karani akanipa moja nijibu mwenyewe. Alikuwa mama mmoja. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, maziwa yangu si yalifika? Sasa pesa imekwama wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Naitafuta, mama." Nilipokata simu ndipo nikakumbuka kufanya jambo la siku ya kwanza darasani: kuifungua faili kwa kivinjari. Firefox ikanionyesha mstari na safu ya kosa. Mkulima jina='Ng'ang'a'.

Lo! Ritifaa. Ile alama tuliyofundishwa shule ya msingi kwa neno ng'ombe. Kwa macho ya XML, jina lilianza, likafika kwenye Ng, ritifaa ikalifunga, na yaliyofuata yakawa takataka. Mfumo wa maziwa ya ng'ombe, nchini Kenya, na mimi sikujaribu hata jina moja lenye ng'!

Nikarekebisha hilo, kosa likahamia kwa mwingine, na mwingine. Lakini kuna akina Ng'ang'a waliopita bila shida, nikashangaa. Kumbe majina yao yalinakiliwa kutoka Word, ambayo hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa jicho letu ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi nyingine.

Nilikuwa nimechoka, nikaandika mstari mmoja wa kufuta ritifaa zote. Ng'ang'a awe Nganga, tuende nyumbani. Nikamwonyesha karani. Akaangalia skrini, akaniuliza, "Na kwenye kitambulisho chake limeandikwaje?"

Nikaufuta ule mstari. Niliketi nikaandika upya sehemu yote kwa maktaba ya XML inayokuja na lugha yenyewe. Maktaba hizo zinajua kwamba ritifaa ndani ya atributi ya alama moja huandikwa &apos; na anayesoma upande wa pili hupata jina lilelile, herufi kwa herufi. Faili ilipita saa mbili usiku. Kwa sababu ya wikendi, pesa ziliingia Jumatatu mchana badala ya Ijumaa. Kuna wazazi waliolazimika kwenda kuomba shule ziwavumilie. Hilo si kosa la benki wala la XML. Ni langu.

Na ule ukali niliouona wa bure? Fikiria kama programu ya benki ingebahatisha. Labda ingemlipa mtu anayeitwa Ng. Afadhali ilisimama.

Wanaodhani XML imekufa, wachukue faili ya .docx, wabadilishe mwisho wake uwe .zip, waifungue. Ndani ni XML. Picha za SVG ni XML, RSS ya podikasti ni XML, na kila programu ya Android ina faili yake ya manifesti ya XML. Malipo ya kimataifa kati ya benki kupitia SWIFT yalimaliza kipindi cha mpito kwenda ISO 20022 mwezi Novemba 2025, na ujumbe wake huandikwa kwa XML.

Kwa hiyo vijana wenzangu: msiunganishe XML kwa mkono, tumieni maktaba. Na mnapojaribu mifumo yenu, tumieni majina ya watu wetu kama yalivyo.

Wiki iliyofuata nilimtumia mwalimu wangu ujumbe nikamsimulia yote na kumshukuru. Alijibu jioni: "Vizuri. Na duka lenye alama ya & kwenye jina, umelijaribu?"

Nilikuwa sijalijaribu. Nilirudi kazini nikalijaribu (likapita!).

Kwa leo naishia hapo. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.