Petroli, Barafu na Matumbawe

Wengi hukijua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kilima chake na Ukumbi wa Nkrumah. Mimi nilikijua kwa upande wa maji. Taasisi yake ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilikuwa Unguja mjini, barabara ya Mizingani, na sisi tuliofanya kazi pale miaka ya tisini tulikuwa watu wa chuo ambacho makao yake yako ng'ambo ya mkondo. Mishahara ilitoka serikalini kupitia huko ng'ambo. Serikali ilitulipa tuwepo. Kwenda baharini kulihitaji fedha nyingine.

Hizo nyingine zilikuja kwa majina ya miradi, na sehemu yake kubwa ilitoka Sweden. Wasweden walianza kusaidia utafiti Tanzania tangu miaka ya sabini kupitia shirika lao la SAREC. Mwaka 1995 SAREC iliingizwa ndani ya Sida, shirika la misaada la Sweden, lakini ofisini kwetu watu waliendelea kusema "fedha za SAREC" kwa miaka mingi baadaye. Kwangu fedha hizo zina harufu ya petroli iliyochanganywa na oili. Ndizo zilizojaza mitungi ya hewa ya wazamiaji, zikanunua vibao vya plastiki vya kuandikia chini ya maji, penseli, futikamba, barafu ya kuhifadhi samaki wa sampuli, na chai ya vijana waliotusaidia kusukuma boti maji yalipokupwa. Darubini zilikuwepo pia, tena nzuri, ila darubini haimfikishi mtu kisiwani Chumbe.

Kuzitoa fedha hizo lilikuwa somo ambalo hakuna kitivo cha sayansi kinacholifundisha. Unaandika dokezo, mkuu wa mradi anatia saini, mhasibu anatazama kama kasma ina kitu, ndipo unapewa masurufu. Ukirudi unayarejesha kwa stakabadhi, senti kwa senti, na usipoyarejesha hupati mengine. Sasa mwuza barafu wa Darajani atakupa stakabadhi gani? Bi mhasibu, mwanamke mpole aliyevaa miwani kwenye ncha ya pua, alikuwa na jibu lake.

"Risiti hana, sawa. Jina je, analo?"

Basi tukawa tunabeba vikaratasi, mwuza barafu anaandika jina lake na asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Nimewaona wageni wakicheka utaratibu ule. Mimi sikucheka, maana mkaguzi wa hesabu alipokuja vikaratasi vile ndivyo vilivyotuokoa.

Kalenda nayo ilikuwa na ukaidi wake. Mwaka wa fedha unaanza Julai, wakati kusi limeshika na maji yamechafuka. Bahari inatulia tanga mbili, kati ya kusi na kaskazi, na hapo ndipo mzamiaji anaona vizuri. Fedha zikichelewa kidogo tu kufika, siku za utulivu zimekwisha, nawe unakaa na petroli ndani ya mapipa ukisubiri upepo ubadilike.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuhesabu. Tangu mwaka 1994 taasisi ilikuwa ikipima hali ya matumbawe katika sehemu kadhaa za pwani ya Tanzania. Mzamiaji anashuka, ananyoosha futikamba juu ya mwamba, kisha anaifuata polepole akiandika kilichopo chini yake: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga. Mwaka unaofuata anarudi pale pale, anafanya vile vile. Mimi nilikuwa msaidizi. Nilipokea vibao, nikavisuuza maji ya chumvi, jioni nikanakili tarakimu kwenye daftari kabla penseli haijafutika. Nahodha wetu, mzee wa Kitope aliyevua maisha yake yote kabla ya kuajiriwa, hakuelewa.

"Mwanangu, mwamba ni ule ule. Mnahesabu nini tena?"

"Tunaangalia kama umebadilika, mzee."

"Na kama haukubadilika?"

Swali hilo ndilo lililowashinda wakubwa wetu kila walipokaa kuandika andiko la kuomba fedha. Mfadhili anataka jipya. Wenzetu waliotafiti kilimo cha mwani walikuwa na hadithi iliyojieleza yenyewe: tangu mwaka 1989 wanawake wa Paje na Jambiani walikuwa wakilima mwani na kupata fedha mkononi. Waliochunguza mikoko na majani ya bahari katika ghuba ya Chwaka waligundua jambo kila msimu. Sisi tulikuwa na jedwali ambalo safu ya mwaka huu ilifanana na ya mwaka jana. Ukisema ukweli ndani ya andiko, kwamba unaomba petroli ili ukathibitishe hakuna kilichotokea, nani atakupa?

Hapa niwape Wasweden haki yao. Walivumilia mambo ya polepole. Wenzetu waliosomea udaktari wa falsafa chini ya mpango wao walikaa Stockholm miezi kadhaa, wakarudi Unguja kwa utafiti, kisha wakaenda tena, mpaka wamalize. Kazi yao ilibaki katika maji ya hapa, na wao wenyewe wakabaki na ajira yao Mizingani. Naamini hilo lilikisaidia chuo kuliko kifaa chochote kilicholetwa ndani ya kontena.

Mwishoni mwa 1997 zikaja mvua za El Niño, zile zilizovunja madaraja na barabara kote nchini. Miezi michache baadaye, mwaka 1998, maji yakapata joto lisilo la kawaida. Mzamiaji wa kwanza kupanda alivua barakoa akasema kumekuwa kweupe. Tumbawe linaishi na viumbe vidogo vya mwani ndani ya mwili wake, ndivyo vinavyolilisha na kulipa rangi. Joto likizidi, tumbawe linavitoa, likapauka, na joto lisipopungua linakufa.

Kwa mara ya kwanza watu wakalitaka daftari letu. Barua zikaja, wageni wakaja, kila mtu akiuliza kulikuwa na matumbawe hai kiasi gani kabla. Tulikuwa na jibu. Zile safu zilizofanana mwaka hadi mwaka ndizo zilizotuwezesha kusema kwamba Tutia, kule Mafia, pameumia vibaya mno, na kwamba miamba ya karibu na mji wa Unguja imenusurika kwa kiasi. Tusingekuwa nazo tungebaki kusema matumbawe mengi yamekufa, jambo ambalo mvuvi yeyote angeweza kulisema bila posho.

Mwaka 1999 ukaanzishwa mradi wa CORDIO, Sweden ikiwa miongoni mwa wafadhili, kufuatilia hatima ya miamba ya Bahari ya Hindi. Kuhesabu sasa lilikuwa jambo jipya. Sikufurahi kama nilivyotarajia. Ilinikera kwamba ilibidi matumbawe yafe kwanza.

Baadaye tukapata fungu jingine, la miaka kadhaa, nami nikatumwa kumweleza nahodha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama na mashine ya boti itabadilishwa, kwani ile ya zamani ilikuwa ikizimika kila tukifika kisiwa cha Bawe. Nikamwambia mfadhili huyu ananunua petroli, hanunui mashine. Akaenda kutafuta plagi mpya, akaniletea risiti.