Anza na Kihenge cha Bibi: Barua kwa Mpwa Wangu

Ilala, Dar es Salaam

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia umemaliza kidato cha sita na moyo wako umetua kwenye ubunifu majengo. Hapa nchini, Chuo Kikuu Ardhi na vingine huanza na ufaulu wako. Baadhi ya vya nje, Chuo Kikuu cha Cape Town kikiwamo, hudai pia potifolio, yaani jalada la kazi zako za ubunifu. Mimi nimezeekea kwenye meza za kuchorea ramani, kwa hiyo hili naweza kukushauri.

Picha ulizomtumia mama yako nimeziona. Ghorofa zile za vioo umezichora kwa mkono safi, lakini umezitoa kwenye simu. Hujawahi kuingia ndani yake wala hujui mchana jua linazipiga upande gani. Atakayekagua jalada lako ameshaona ghorofa kama hizo mpaka amechoka. Anachotaka kujua ni kama una jicho la kuona na akili ya kuuliza. Ufundi wenyewe utafundishwa chuoni.

Kwa hiyo anza na kihenge cha bibi yako. Chukua futi kamba, ukikosa tumia kamba yenye mafundo, ukipime chote. Chora ramani yake kwa juu, mwonekano wa mbele, kisha mkato, kama vile umekipasua katikati kwa kisu. Halafu muulize bibi: kwa nini kimeinuliwa kutoka ardhini? Kwa nini paa limezidi ukuta kiasi hicho? Atakueleza habari za mchwa, panya na mvua. Andika majibu yake kwa sentensi mbili tatu pembeni ya mchoro.

Kisha nenda stesheni. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na sasa reli ya kisasa ya SGR ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, inapitishwa hapohapo kwenu Usukumani. Kaa uchore watu: wanasubiri wapi, mizigo wanaiweka wapi, kivuli kinahamia wapi saa nne asubuhi na saa nane mchana. Jengo lisilojua watu wake wanakaa wapi ni ghala tu.

Baada ya hapo buni kitu kimoja cha kwako. Msimu wa pamba wakulima hupanga foleni kwenye mizani ya chama cha msingi, jua likiwaka. Wabunie banda la kusubiria. Tengeneza mfano wake kwa mabua ya mtama, udongo na maboksi. Tangu utotoni mmetengeneza magari kwa mabua, kwa hiyo mikono yako inajua kazi hiyo.

Usidhani kazi ya kijijini ni ndogo. Francis Kéré wa Burkina Faso alijenga shule ya msingi kijijini kwao Gando, ikakamilika mwaka 2001. Alitumia matofali ya udongo, akaliinua bati juu ya dari ili hewa ya moto itoke. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker. Wewe uliyesoma chini ya bati la Usukumani unajua joto alilokuwa akipambana nalo. Na hapa Dar, marehemu Beda Amuli aliliezeka soko la Kariakoo, miaka ya 1970, kwa miamvuli ya zege iliyopinduliwa, inayokinga maji ya mvua. Ukija nitakupeleka ulitazame, nawe utalichora.

Sasa ya kiufundi. Soma masharti ya kila chuo neno kwa neno: idadi ya kazi, ukubwa wa faili, siku ya mwisho. Piga picha michoro asubuhi kivulini, karatasi ikiwa imenyooka, bila kuwasha taa ya simu. Kazi yenye nguvu itangulie, nyingine yenye nguvu ifunge. Iliyo dhaifu itoe, hata kama umeihangaikia. Rasimu zenye mistari iliyofutwa usizitupe, weka chache ili waone ulivyofikia jibu. Mlichofanya wawili, sema mlikuwa wawili na wewe ulifanya lipi. Kwenye usaili watakuuliza, na uongo utakuumbua hapohapo.

Kabla ya mwezi kwisha nitumie kihenge na stesheni, pamoja na rasimu zake. Nitavisahihisha kwa kalamu nyekundu kama nilivyokuwa nikiwafanyia vijana wa ofisini, na usinune. Banda la pamba lifuate baadaye. Usiliharakishe mpaka uwe umesimama kwenye ile foleni na kuongea na wenyewe.

Msalimie bibi na wote nyumbani.

Ni mimi,
Mjomba wako