Berlin na Mgeni Atafutaye Kazi

Mwenye kufika Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, akishika njia ya Columbiadamm, huiona minara miwili ya msikiti wa Şehitlik, na kando yake makaburi ya Waislamu ya tangu mwaka 1866. Waturuki wengi wa mji huu asili yao ni mapatano ya 30 Oktoba 1961. Wazee wao waliandikiwa kazi kule kule Istanbul, wakapanda gari moshi mkataba u mkononi.

Leo mambo ni kinyume. Tangu Juni 2024, mgeni mwenye ujuzi na cheti aweza kupewa ruhusa iitwayo Chancenkarte, akae hata mwaka mmoja akitafuta kazi mwenyewe. Lazima aonyeshe fedha za kujikimu, na huruhusiwa kibarua cha saa 20 kwa juma.

Lakini ruhusa si kazi. Mwajiri huuliza kwanza lugha, kisha kama shahada yatambuliwa. Muuguzi, hata awe hodari namna gani, hashiki kazi yake kamili mpaka apate idhini ya serikali.

Kenya ilitia sahihi mapatano na Ujerumani Septemba 2024. Mlango upo; ufunguo wake ni Kijerumani.

Basi, enyi wazazi, kijana atamaniye safari hii na aanzie nyumbani: ajifunze lugha, na vyeti vyake vipimwe kabla shamba halijauzwa. Riziki yatoka kwa Mwenyezi Mungu, nasi twatakiwa kuitafuta kwa akili.